Siku Tatu Kabla ya Arobaini

Sogeeni, na msinikatize. Hadithi hii sina mwisho wake, mtaufunga nyinyi.

Kijiji cha Rasi Mchanga kilikuwa na wakulima watatu wa mwani. Bi Somoe, ambaye pia ni mkunga, aliijua bahari kuliko wavuvi. Shemsa alifunga kamba kwa fundo lisilofunguliwa na wimbi lolote. Zainabu alijaliwa maziwa tele, na bintiye Mwanaidi alinenepa kwayo.

Adhuhuri moja, mwezi wa nne, Bi Somoe aliona maji yamekimbia kabla ya saa yake, akajua tufani inakuja. Akapita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu wapande msikitini, kilimani. Akafika kwa Rukia, mjane aliyejifungua binti mwezi uliopita.

"Ulinikataza kutoka kabla ya arobaini ya uzazi," Rukia akamwambia. "Zimebaki siku tatu."

Bi Somoe hakuthubutu kuuvunja mwiko aliouweka mwenyewe. Akapita. Inaniuma kuisema, lakini alipita.

Tufani ikapiga, bahari ikapanda hadi majumbani. Bati lililong'oka likamuua Mwanaidi mgongoni mwa mama yake, njiani. Kule msikitini Bi Somoe alihesabu watu, akalia, akamtaja Rukia. Hakuna mwanaume aliyeshuka.

Shemsa akaunganisha kamba za mwani, ncha moja mnazini, nyingine kiunoni, akashuka majini hadi kwa Rukia. Rukia akampitishia mtoto dirishani.

"Mshike, nami nakuja," alisema.

Shemsa akamshika mtoto kwa mikono yote miwili. Ukuta ukaanguka, na Rukia hakuonekana tena.

Mtoto alifika juu amepoa, hana sauti. Zainabu, ambaye wake alikuwa hajazikwa, alifungua kanga akamnyonyesha. Siku saba hakuna mwingine aliyemlisha.

Sasa wote watatu wanamtaka, na Rukia na marehemu mumewe hawakuacha ndugu. Bi Somoe asema bila yeye mtoto angesahauliwa. Shemsa, mwaka wa kumi wa ndoa bila mtoto, aonyesha kidonda cha kamba kiunoni. Zainabu asema dini imeshamfanya mama wa kunyonya; lakini anamwita mtoto Mwanaidi, na amemvisha nguo za marehemu.

Mwenyekiti wa kijiji ameshindwa. Nami nimeshindwa.

Je, wewe ungempa nani? Usiniangalie mimi, mwangalie mtoto. Siku moja atauliza kwa nini mama yake hakutoka nyumbani. Ni yupi kati ya hawa ungependa amjibu?