Mtoto Aliyemwita Mama Yake "Mwanangu"

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejifunza kusema, isome hii taratibu mpaka mwisho, halafu mtumie mzazi mwenzako.

Alikuwepo mama mmoja mjini Tunduru, jina lake Perisi. Kwao ni Rorya, kaskazini kabisa, kwa Wajaluo. Aliolewa kusini na Twalibu, Myao, mlinzi wa usiku kwenye ghala la korosho. Walijaliwa binti mmoja, Siwema.

Siwema alipofika miaka miwili na nusu, mdomo wake ulikuwa haushikiki. Akiwa na baba yake alisema "maji." Akienda ua wa pili kwa bibi yake mzaa baba, Bi Somoe, alisema "mesi," kama Wayao wanavyosema, na hakukosea hata siku moja nani aambiwe nini. Perisi alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Siku nyingine alilia kweli, maana mtoto alijibwaga chini dukani akipiga kelele za Kiyao, muuza duka haelewi, na mama mwenyewe haelewi vizuri.

"Na wewe mfundishe cha kwenu," Twalibu alimwambia. "Kichwa chake bado kina nafasi."

"Hivyo viwili vinamtosha," Perisi alijibu, akageukia mambo mengine.

Hakuwa tayari kusema sababu. Siku alipompeleka Twalibu kwao kumtambulisha, mama yake, asiyetaka mkwe wa kabila jingine, aliingia ndani akafunga mlango. Perisi alisimama juani, akabisha, akaomba afunguliwe, akaomba hata maji ya kunywa, koo likamkauka. Mlango haukufunguliwa. Waliondoka. Mama yake akafariki kabla hawajasemezana tena, na habari zikamfikia wakati watu wameshazika. Tangu siku hiyo Perisi aliacha Kijaluo. Hata ndugu zake walipompigia simu, aliwajibu kwa Kiswahili.

Siwema hakuwahi kukisikia. Hapo mtaani hapakuwa na Mjaluo mwingine.

Asubuhi moja familia ilikuwa inakunywa chai. Siwema akamnyooshea mama yake mkono, akasema, "Pi."

"Anataka pipi huyo," Twalibu akasema. Bi Somoe, aliyekuwa amekuja kuwaamkia, akafungua pindo la kanga akampa pipi. Mtoto akaitema.

"Pi," akasema tena, safari hii kwa kulia.

Perisi aliweka kikombe chini. Alichota maji, akampa. Siwema akayanywa yote.

"Ulijuaje?" Twalibu akauliza.

"Nimebahatisha," akasema.

Lakini hakubahatisha. Pi ni maji, kwa Kijaluo.

Siku chache baadaye alikuwa anafua uani. Akahisi anatazamwa. Siwema alikuwa amesimama kizingitini, ametulia kuliko mtoto wa umri ule anavyotulia. Akamtazama mama yake usoni, akasema neno moja, pole pole.

"Nyathina."

Maana yake, mwanangu.

Hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimwita Perisi, na ile sauti ilishuka mwishoni vilevile alivyokuwa akiishusha marehemu. Perisi aliacha nguo kwenye beseni, akaenda mbio hadi kwa mkwewe.

Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. "Mkwe wangu, ulimzika mama yako?"

"Sikumuwahi, mama."

"Basi amekufuata. Tusome dua."

Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa nyumba nzima. Siwema alikohoa, akacheka, akaomba ubwabwa kwa Kiyao. Kesho yake, baada ya kulala mchana, alikwenda akaweka kiganja kwenye mlango uliofungwa na kusema, "Yawna." Nifungulie. Hapakuwa na mtu nje.

Perisi akaanza kumwogopa mwanawe. Ni neno zito, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwogesha haraka haraka, akamlisha bila kumtazama machoni. Mtoto akimkumbatia, yeye alikakamaa. Mwisho akaanza kumpeleka kwa Bi Somoe kila mchana, akabaki peke yake akisema anataka kupumzika.

Maneno ya Kijaluo yakakoma. Na mengine yakaanza kukoma pia. Siwema hakusema tena maji wala mesi. Alionyesha kwa kidole, au alikaa tu pembeni ya mkeka akivuta uzi wa nguo yake. Twalibu alitoka kazini asubuhi, akamrusha juu, akamwimbia, akapata macho matupu.

"Mama Siwema," akasema, "huyu mtoto amefanywa nini?"

 Moyo wa Perisi ulimwambia kwamba hata kama ni mzimu, mtoto ni wake, na ni yeye aliyemsukuma. Mchana ule hakumpeleka kwa bibi. Alitandika mkeka, akamlaza kifuani. Perisi alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kuchoma vitumbua vya kuuza, kwa hiyo usingizi wake wa mchana ulikuwa mzito sana. Akamezwa.

Alipofumbua macho, mashavu yake yalikuwa yamelowa. Siwema alikuwa ameketi kichwani pake, akiutazama mdomo wake. Mlangoni alisimama Bi Somoe, mkono kifuani.

"Usinyanyuke," Bi Somoe akasema. "Mwanangu, mzimu wako nimeuona. Ni wewe."

"Mama, sikuelewi."

"Ulikuwa unasema usingizini. Unaomba kama ombaomba. Pi, pi. Halafu unasema yawna, yawna, na machozi yanakutoka. Mtoto anakusikiliza. Kumbe ndiko anakokipata Kijaluo!"

Perisi aliketi. Akashika kichwa. Miaka yote hiyo, kila mchana, alikuwa akirudi kwenye mlango ule bila kujua, na mwanawe amekaa pembeni anajifunza. Usiku Twalibu alikuwa ghalani na mchana shambani, nani angemwambia? Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, naye Bi Somoe akaketi akampapasa mgongo.

"Ashukuriwe Mungu," Bi Somoe akasema. "Na vile anavyokujibu, nilidhani ni mtu mzima."

"Ananijibu?"

"Ee. Ukiomba wewe, anakushika shavu, anasema..." Bi Somoe akatafuta matamshi. "Donji. Donji, nyathina."

 Nje kuku walikuwa wanaparura.

"Mama, una hakika? Hilo sikulisema mimi?"

"Nilisimama hapa muda mrefu. Hilo alilisema yeye tu."

Donji maana yake ingia ndani. Perisi hakuwahi kuambiwa neno lile siku ile, wala katika ndoto zake mlango haukuwahi kufunguliwa. Alimpakata mtoto, akamtazama machoni. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akafungua mdomo akiwa macho na kumuuliza kwa Kijaluo, "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Siwema alitabasamu kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. Akajibu kwa Kiswahili, "Bibi."

"Bibi Somoe?"

Mtoto alitikisa kichwa kukataa. Akashuka mapajani, akaomba uji.

Jioni ile Perisi alimpigia simu dada yake Rorya, wakaongea Kijaluo mpaka salio likaisha. Kuanzia hapo alimsemesha Siwema lugha zote alizokuwa nazo, na maneno ya mtoto yakarudi yote, kelele za dukani zikiwemo. Ndoto hazikuja tena. Lile swali la nani alimfundisha, Perisi hakulirudia.

Funzo: Usimnyime mtoto lugha ya upande wako kwa sababu ya kidonda chako. Usichomwambia ukiwa macho atakisikia kwa njia nyingine, na anaweza kukijibu wewe ukiwa bado hujawa tayari kusikia.