Asubuhi Redio ya Ng'ambo Iliponyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kuanza matangazo, Dada Mkubwa alifanya mambo yale yale. Alipangusa kipaza sauti kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto pua. Alikunywa funda la maji ya uvuguvugu. Kisha aliwasha kiredio kidogo kilichokaa dirishani, akakitega kwenye redio ya ng'ambo ya barabara, akaketi kungoja achokozwe.

Hakuwahi kungoja sana. Sauti ya mwanamume, sauti iliyocheka hata ilipotaja bei ya viazi, ingesema, "Wasikilizaji, mmeamkaje? Na wale jirani zetu wanaosoma habari kama wanasoma wasia, nao wameamkaje?" Dada Mkubwa angekunja uso, kisha angewasha kipaza sauti chake na kusoma habari zake kwa utulivu. Mwishoni, kwa upole uleule, angesema kwamba mwenye haja ya habari amefika, na mwenye haja ya kutekenywa avuke barabara, huko kuna mikate na vichekesho, vyote vya jana. Mji mzima ungecheka, isipokuwa mwoka mikate, ambaye duka lake lilikuwa chini ya redio ile na ambaye alilalamika kila mara kwamba yeye hakumkosea mtu.

Asubuhi hiyo kiredio hakikusema neno. Kilitoa mvumo tu, kama mchele unaopepetwa.

Dada Mkubwa alizungusha kitufe kulia na kushoto. Alikipiga kiredio kofi dogo. Alikiweka sikioni. Mchele uliendelea kupepetwa. Taa nyekundu ilipowaka alisoma habari bila kuchokozwa, na alipofika mahali pa kujibu akakuta hakuna la kujibu. Akanyamaza kidogo, na kimya cha redioni ni kirefu kuliko kimya cha nyumbani.

Aliyenyamaza ng'ambo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Baba yao alipofariki aliwaachia redio moja, juu ya duka la dawa, wakaiendesha pamoja. Dada alitaka habari zenye heshima. Mdogo alitaka watu wacheke. Siku moja mdogo mtu alichomeka mzaha katikati ya matangazo ya vifo, na dada akamzimia kipaza sauti palepale, wafanyakazi wote wakitazama. "Redio si kijiwe," alimwambia. "Wala si kaburi," akajibu mdogo mtu, akachukua koti lake.

Haukupita muda mnara ukasimama juu ya duka la mikate, mkabala na dirisha la dada. Tangu hapo hakuna aliyevuka barabara, wala aliyempigia mwenzake simu. Yote waliyoambiana waliambiana hewani, bila kutajana. Watu wa mjini, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, waliita redio ya dada Redio Tanzia, na ya mdogo wake Redio Mbavu, kwa jinsi walivyozishika mbavu wakiisikiliza.

Afisa masoko wa Redio Tanzia, bwana aliyevaa tai hata siku za jua kali, aliingia studio akisugua mikono. Alisema adui akianguka hasaidiwi kuinuka. Sasa wafanyabiashara wote watakuja kwao, watake wasitake.

"Lakini kwa nini amenyamaza?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Dada, sababu haituhusu. Kinachotuhusu ni nafasi."

Lakini Dada Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni. Swali likimwingia, halimtoki mpaka lipate jibu. Alisimama dirishani. Mnara wa ng'ambo ulikuwa wima. Pazia limefungwa. Pikipiki ya mdogo wake imeegeshwa mlangoni pa duka la mikate kama kawaida. Basi yumo. Kama yumo, anafanya nini? Kimya kilipoendelea siku ya pili na ya tatu, alimtuma tarishi akanunue mkate ambao hakuna aliyeuhitaji. Tarishi alirudi na mkate na maneno ya mwoka mikate: kwamba bwana yule hupanda ngazi asubuhi, hushuka jioni, na katikati hapasikiki hata kicheko, mpaka unga wenyewe umeanza kugoma kuumuka.

Uvumi nao ukaota miguu. Wengine walisema amepotewa na sauti. Wengine walisema ameoa, na mwanaume aliyeoa hupunguza maneno. Dada Mkubwa aliyasikiliza yote, asiamini hata moja.

Siku za mwanzo simu za Redio Tanzia zililia kama watoto wenye njaa, lakini wote waliopiga waliuliza swali lake mwenyewe: mwenzako yuko wapi? Kisha simu zikapungua. Kisha akaja muuza magodoro, mteja wao wa siku nyingi, akaketi kwa adabu na kuomba tangazo lake lisimame.

"Nimekukosea nini, kaka?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Hujanikosea, dada yangu. Mimi nilitangaza kwako kwa sababu yule mwenzangu wa magodoro anatangaza kwa mdogo wako. Sasa yeye amenyamazishwa. Mimi nipige kelele nashindana na nani?"

Baada yake wakafuata wengine, kila mmoja na adabu zake. Afisa masoko alilegeza tai.

Dada Mkubwa akaenda sokoni kwa miguu yake, ajionee. Zamani, kupita sokoni asubuhi kulikuwa kama kupita ndani ya redio yenyewe, maana sauti ilikupokea kibanda hadi kibanda. Sasa vibanda vilikuwa kimya. Kwa fundi cherehani, redio ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa amewekwa paka, amelala.

Fundi hakuona haya kumwambia. "Asubuhi nilifungulia kwake nisikie anakuchokoza vipi, halafu naja kwako nisikie unamjibu vipi. Sasa nikufungulie wewe nisikie unajijibu?"

Alirudi ofisini akiwa mzito. Huko akamkuta afisa masoko ana habari, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, tai yake imekazwa tena. Tajiri mmoja mwenye redio katika miji mingi anakuja kesho kununua masafa ya Redio Mbavu. Hatatumia watangazaji, kompyuta itapiga muziki mchana kutwa. Na mdogo mtu, alisikia, atahama mji.

Atahama. Neno lile lilimchoma Dada Mkubwa kama mwiba ulioingia kabla hujaona mti. Hakufikiria magodoro wala matangazo. Alifikiria kiredio dirishani, na mchele ukipepetwa maisha yake yote.

Akavuka barabara. Barabara yenyewe ni ile ambayo mbuzi huivuka huku akitafuna, lakini yeye ilimchukua miaka.

Mdogo wake alikuwa ameketi mbele ya mtambo wa kurushia matangazo uliofunguliwa kifua, waya zake nje, mweusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Umekuja kusoma tanzia?" alisema.

"Nimekuja kuuliza. Umepatwa na nini?"

Alieleza kwa kifupi. Umeme ulikatika, na uliporudi, ulirudi na hasira. Mafundi wawili wameutazama mtambo na wote wametikisa vichwa. Mpya utatoka mbali, na hana uwezo.

"Kwa nini hukuniambia? Mtambo wa zamani wa baba uko stoo kwangu, unajua."

"Najua. Ningekuambia wapi?" Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Siku zote nakuambia redioni, dada. Na redio ndiyo mbovu."

Macho ya Dada Mkubwa yaliangukia kipaza sauti cha mdogo wake. Hakikuwa na kazi kwa siku zote hizo, na bado kilikuwa kimepanguswa kikang'aa. Pembeni kimekunjwa kitambaa cheupe. Wote wawili walijifunza kwa baba, naye hakujua kwamba mwenziwe bado anafanya.

"Unataka kuuza?"

Mdogo mtu alitikisa kichwa kukataa, polepole, kama mtoto.

Stoo, mtambo wa baba ulikuwa nyuma ya viti vilivyovunjika. Wakati yeye na mdogo wake wakiupangusa vumbi, afisa masoko alisimama mlangoni akalia kilio chake. Huu ndio mtambo wao wa akiba. Wao wakiharibikiwa je? Dada anamnolea kisu atakayemchinja.

Hapo Dada Mkubwa akakumbuka jambo la utotoni, akamsimulia huku akiendelea kupangusa. Mama yao alipikia mafya matatu, mawe matatu ya mekoni. Siku moja yeye na mdogo wake waligombania pa kukalia, kila mmoja akavuta jiwe lake na kulikumbatia, na chungu kikapinduka. Usiku ule hawakula. Mama hakuwapiga. Aliwaacha kila mtu akae juu ya jiwe lake na njaa yake.

"Mimi ni jiwe moja," alisema, "na huyu wa ng'ambo ni jiwe la pili. La tatu ni wasikilizaji. Wewe umeniletea wiki nzima jiwe moja na kuniambia nipike."

Afisa masoko alivua tai, akaitia mfukoni, akashika upande mmoja wa mtambo. Walivuka nao barabara watu watatu, mwoka mikate akiwasimamishia magari kwa koleo lake la tanuri. Tajiri alipofika siku ya pili, alikuta fundi wa mitambo yuko juu ya mnara na mwenye redio hana muda wa kuzungumza.

Asubuhi iliyofuata, Dada Mkubwa alipangusa kipaza sauti. Alikunywa maji. Aliwasha kiredio dirishani. Mchele ulipepetwa, ukapepetwa, kisha ukakatika.

"Wasikilizaji, mmeamkaje?"

Dada Mkubwa akakaa vizuri kitini, tayari kuchokozwa. Sokoni fundi cherehani alimwondoa paka. Muuza magodoro aliacha kuhesabu. Uchokozi haukuja. Ilisikika pumzi, na kikohozi cha mtu anayetafuta ujasiri.

"Leo nitasema jambo kama lilivyo, bila mzaha, mnivumilie. Kila asubuhi nikimtania jirani yangu wa ng'ambo, nyinyi mlidhani namchokoza. Nilikuwa namwamkia, ila nilikosa njia. Shikamoo, dada."

Sokoni kote vitufe vya redio vilizungushwa kwa pamoja. Taa nyekundu iliwaka juu ya meza ya Dada Mkubwa. Alikuwa na karatasi ya habari mkononi, akaiweka chini.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema mbele ya mji mzima. "Na mimi nilipokuambia mikate yako ni ya jana, nilikuwa nauliza kama leo umekula. Nilikuzimia kipaza sauti mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Nakuhitaji hapo ng'ambo. Mama alitufundisha tukiwa na njaa, na mimi nimechelewa kuelewa: jifya moja haliinjiki chungu."