Mbwa wa Fisi na Neno Hodi

Wewe uliyekalia kigoda changu, umewahi kuumwa na mbwa wa mtu, halafu ukaambiwa uombe radhi wewe? Bado? Basi itikieni.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kisima kimoja, mbwa mmoja, makovu tele.

Hapo kale kisima cha kijiji kilikuwa ndani ya ua wa Fisi. Kisima walichimba wote, ua akajenga yeye. Wageni hakuwataka, akamfunza mbwa wake: "Ukisikia hodi, uma!"

Kanga alikuwa na vifaranga wenye kiu. Akaenda na mtungi na adabu zake zote. "Hodi!"

Kwaap! Mguu.

Fisi akachungulia dirishani. "Relaksi, mama. Haumi huyo, anacheza tu."

Kanga akachechemea hadi kwa Jumbe Tembo.

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Ndiyo maana."

Siku ya pili akasimama wima. "Hodi!" Kwaap! "Anacheza tu."

"Ulimtazama machoni?" akauliza Jumbe.

"Nilimtazama."

"Ndiyo maana."

Siku ya tatu akafumba macho. Kwaap! Jumbe akamkagua juu mpaka chini, akakosa swali. "Na hayo madoadoa umevalia nini? Ndiyo maana!"

Vifaranga wakazidi kulia. Kanga akajibanza nje ya ua. Akamwona Nguchiro, mwizi anayejulikana, akiingia kimya, akibeba mfupa, akitoka. Mbwa macho kodo, hata mkia hakutikisa.

"Kumbe! Hapa kosa ni adabu."

Kesho yake Fisi akaenda matangani kula. Kanga akaingia bila hodi, vifaranga nyuma, akatia komeo langoni. Wakanywa, wakanywa, wakanywa.

Fisi akarudi, tumbo ndii. Lango limefungwa. Sasa mtu afanyeje?

"Hodi!"

Mbwa akainua sikio.

"Hodi humu!"

Mbwa akasimama.

"Hodi, nyie!"

"Karibu, mzee," akasema Kanga, akavuta komeo.

Kwaap! Fisi huyo, juu ya mgunga, na miiba yake. "Mfungeni! Jamani, mfungeni!"

"Relaksi, mzee. Haumi huyo, anacheza tu."

Jumbe akafika mbio. Kanga akamwambia, "Haya, muulize. Alikimbia? Alimtazama machoni? Maana madoa anayo."

Jioni ile ile mnyororo ukapatikana, na aliyeufunga ni Fisi mwenyewe.

Hadithi yangu imefika langoni. Mwenye mguu mzima aende nayo. Mbwa hufanya alichofunzwa, aliyemfunza yuko dirishani anachungulia.

Basi wenye mbwa, fungeni mbwa wenu. Nanyi majumbe, mtu akija anavuja damu, acheni kumhoji yeye. Mwiteni mwenye mbwa. Leo, si kesho.