Maneno ya Njia ya Kwenda Nyambeba

Sogeeni, sogeeni hapa. Wewe mwenye kiazi mdomoni, meza kwanza, kisa hiki hakisikilizwi kwa kutafuna. Nikisema "Mwaka ule!" nyinyi mnaitika "Tupe!" Na aitike kila mtu, hata mwenye mafua.

Mwaka ule!

Tupe!

Mwaka ule, wakati nyanya wa nyanya yangu alikuwa hajaota hata jino moja, palikuwa na vijiji viwili chini ya mlima. Ilindi upande huu wa mto, Kasyeto upande ule. Juu ya vijiji kulikuwa na msitu, juu ya msitu mianzi, juu ya mianzi malisho, na juu ya malisho, huko ambako mvuke unakutoka mdomoni hata saa sita mchana, kulikuwa na Ziwa Nyambeba. Kiangazi kikiingia na nyasi za chini zikikauka, ng'ombe wa vijiji vyote viwili walipandishwa kwenye malisho yale yale. Sasa wachungaji ni watu, na watu wale walishika fimbo. Ugomvi haukukosekana hata mwaka mmoja.

Ndiyo maana wazee wakaweka sharti. Kabla ng'ombe hawajapanda, mtu mmoja wa Ilindi na mmoja wa Kasyeto watapanda mpaka ziwani na kurudi siku hiyo hiyo, jua likiwa bado linaonekana. Wataushika mwanzi mmoja, huyu ncha hii, huyu ncha ile. Kutoka kijijini mpaka malishoni atatangulia wa Ilindi, kutoka malishoni mpaka ziwani atatangulia wa Kasyeto. Njiani hawatasema kitu isipokuwa maneno ya njia, jiwe, shimo, matope, inama, na kuyaitikia. Wakifika ziwani, hapo kila mmoja atatoa kinyongo chake chote mbele ya maji, na mwenzake atanyamaza mpaka kiishe. Kisha watakunywa kibuyu kimoja. Wakinywa, malisho yanafunguliwa. Mmoja akikataa, malisho yanafungwa, na ng'ombe wafe.

Na hao wawili walichaguliwaje? Mnadhani wapole? Thubutu! Kila kijiji kilimtaja mtu wa kijiji cha pili, na kilimtaja yule mwenye kinyongo kikubwa kuliko wote. Kwa sababu huyo akinywa, nani mwingine atabaki na mdomo wa kukataa?

Mwaka ule!

Tupe!

Basi palikuwa na mwanamke wa Ilindi, mjane, jina lake Syekile. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wake Ambakisye. Kiangazi kimoja huko malishoni, Ambakisye aligombana na Angolile wa Kasyeto, wakigombea nani atangulie kunywesha ng'ombe. Neno likazaa neno, fimbo ikapanda, ikashuka kichwani. Ambakisye hakuamka. Angolile alikimbia siku hiyo hiyo akavuka milima, na mpaka leo hakuna anayejua kama yu hai au la.

Malisho yakafungwa miaka miwili. Ng'ombe wakafa Ilindi, wakafa Kasyeto. Watoto kama nyinyi walipewa maji ya moto asubuhi wakaambiwa wajifanye ni maziwa. Msicheke, si jambo la kucheka.

Mwaka wa tatu Mzee Nsolo, mkubwa wa Ilindi, akaenda kwa Syekile. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mkononi.

"Mama Ambakisye, Kasyeto wamekutaja wewe."

"Na sisi tumemtaja nani?"

Mzee akakohoa. "Lupakisyo."

Lupakisyo ndiye baba yake Angolile. Ilindi walimtaja kwa kuwa naye alipoteza mtoto katika ugomvi ule ule. Alikuwa mzee, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli tu.

Mzee Nsolo alingoja kilio, alingoja matusi. Syekile akasema, "Nitakwenda. Ni kesho?"

"Ni kesho, mwanangu. Ahsante sana. Ahsante."

Akaondoka anafurahi, mzee wa watu. Hakujua kwamba Syekile alikuwa anaifahamu njia ile. Alijua kwamba juu kabisa, kabla ya kushuka ziwani, njia inakata ghafla kushoto, na ukienda moja kwa moja unakanyaga hewa. Na kutoka malishoni anayetangulia ni wa Kasyeto, na wa Kasyeto mwaka huo haoni. Mwanamke yule hakuhitaji kisu wala sumu. Alihitaji kunyamaza mara moja tu, na kuuachia mwanzi.

Ndiyo, wewe, ni vibaya. Najua ni vibaya. Lakini hujazika mtoto wewe, kaa kimya.

Wakaondoka alfajiri. Syekile mbele, Lupakisyo nyuma, mwanzi katikati. Wakaingia msituni.

"Mzizi."

"Nimeuvuka."

"Inama."

"Nimeinama."

Wakapita msituni, wakaingia kwenye mianzi, ambako ardhi inateleza na maji yanadondoka hata kama hakuna mvua.

"Matope."

"Nimeyaona kwa mguu."

Sauti ya yule mzee ilimchoma Syekile. Alitamani iwe sauti mbaya, ya jeuri, ili iwe rahisi. Ilikuwa sauti ya mzee yeyote anayepanda mlima, anahema, anasimama, anasema samahani kwa mkono kwa kuwa kwa mdomo haruhusiwi.

Wakatokea malishoni. Watoto, malisho yale! Nyasi zilikuwa zimefika magotini kwa kuwa miaka miwili hazikuliwa, na katikati yake maua ya manjano na ya zambarau, na upepo unapita juu yake bila mtu wa kuuzuia. Nyasi zote zile, na chini ng'ombe wanatafuna nyasi kavu za paa. Syekile alitazama, akaona aibu, lakini aibu haikumzidi uchungu.

Sasa sikilizeni desturi moja ya watu wale. Damu ya mtu ikimwagika malishoni, ndugu zake hupajengea ua wa miiba mahali pale, ili kwato isipakanyage. Ndugu, si mtu mwingine. Syekile hakuwa na ndugu wa kumtuma, na yeye mwenyewe miguu yake ilikuwa imekataa. Mara tatu alifunga safari ya kwenda kumjengea mwanawe ua, mara tatu aliishia kwenye mianzi akarudi analia. Hilo hakumwambia mtu.

Basi walipofika kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, pale Ambakisye alipoangukia, akafumba macho, kisha akafumbua. Ua ulikuwapo. Ua wa miiba, mviringo mzuri, miiba ya chini imekauka imekuwa myeupe, na juu yake miiba mingine ya juzijuzi, bado na majani. Mtu alikuwa ameujenga, na alikuwa akirudi kuutengeneza.

Nani? Akageuka ghafla hata mwanzi ukamvuta mzee. Akatazama mikono yake. Mikono ya Lupakisyo ilikuwa imejaa makovu ya miiba, mengine ya zamani, mengine bado na vigaga, mikono ya mtu aliyefanya kazi ya miiba kwa kupapasa.

Mnafikiri moyo wake ulilainika? Hapana! Aliwaka. Kumbe hata ua wa mwanangu amenichukulia! Mwanawe ameniulia mtoto, na yeye amekuja kujifanya ndugu! Na ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba yeye mama hakuujenga. Alitaka kupiga kelele, lakini maneno yake yalikuwa ya njia tu.

"Badilisha," akasema. Hilo lilikuwa neno la njia.

Lupakisyo akapita mbele. Syekile akabaki nyuma.

Mwaka ule!

Tupe!

Polepole, msipige kelele hapa. Hapa pasikilizeni vizuri.

Wakapanda. Nyasi zikawa fupi, mawe yakawa mengi, ukungu ukashuka. Syekile akawa anamtajia mzee njia kutoka nyuma.

"Jiwe."

"Haya."

"Jingine."

"Haya."

Mzee alitangulia ameushika mwanzi nyuma yake kwa vidole, kiganja kimetazama juu. Syekile akaiona njia inavyokata kushoto. Akaliona jiwe jeusi la mwisho, na nyuma ya jiwe hakuna kitu, ukungu tu. Zilibaki hatua nane. Akanyamaza. Hatua sita. Akalegeza vidole vyake kwenye mwanzi. Hatua nne. Mzee hakupunguza mwendo, hakuuliza. Hatua tatu. Makovu yale yalikuwa mbele ya macho yake, na kovu moja lilikuwa linatoka damu kidogo kwa kusuguana na mwanzi.

"Kushoto!"

Lilitoka lenyewe. Wala hakuliamua. Alilisema kwa sauti kubwa mno, akauvuta mwanzi kwa mikono miwili. Lupakisyo akasimama, mguu mmoja umegusa ukingo. Akageuka kushoto taratibu, wakashuka ziwani, Syekile anajilaumu. Alijilaumu kwa kusema, tena akajilaumu kwa kuchelewa kusema.

Nyambeba lilikuwa limetulia, jeusi, bila ndege. Wakaketi. Wa Ilindi huanza.

"Kinyongo changu," akasema Syekile. "Kinyongo changu ni Ambakisye. Nilimbeba, nikamnyonyesha, nikamwachia ng'ombe wa baba yake, akarudishwa kwangu juu ya machela. Kinyongo changu ni mwanao aliyekimbia hata sikumwona uso. Kinyongo changu ni wewe, umejenga ua ambao haukuwa wako. Ni wangu! Mimi ndiye nilipaswa kuujenga, na sikuujenga, na sasa nitamwambia nini mwanangu?" Akalia sana. Mzee alinyamaza, ndilo sharti. Kisha Syekile akasema lile ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema. "Na pale juu, ukingoni, nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka ufe. Nimemaliza."

Sasa ikawa zamu ya Lupakisyo. Akayageuzia maji macho yake meupe.

"Mama Ambakisye, nimechunga kwenye mlima huu miaka arobaini. Ukingo ule naujua kwa nyayo. Nilijua umenyamaza."

Syekile akamtazama.

"Niliendelea kutembea," akasema mzee. "Nilisema moyoni, kama ndivyo anavyotaka, basi na iwe. Hicho si kinyongo, nakueleza tu. Kinyongo changu ni kimoja. Siku ile ya msiba nilikuja kwako peke yangu, kwenye mvua. Nikabisha hodi mara tatu. Nilisikia ukipumua nyuma ya mlango. Hukuitika. Nilisimama mpaka nguo zikaniganda mwilini, nikarudi na pole yangu. Niliibeba sijui niiweke wapi, ndipo nikaenda kukata miiba. Nimemaliza."

Ilikuwa kweli. Syekile alikuwa nyuma ya mlango siku ile, mkono juu ya komeo. Mgeni anabisha, mwenyeji anaitika, hata adui akibisha huitikwa, hata kama ni kuambiwa ondoka. Yeye hakuitika.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Kibuyu kilikuwa katikati yao, kitupu.

Lupakisyo akainama kidogo, kama mtu aliye kwenye mlango mfupi. Akasema, "Hodi."

Syekile hakujibu.

"Hodi, Mama Ambakisye."

Mkono wa mama ukainuka, kama unaotafuta komeo.

"Hodi."

"Karibu," akasema Syekile. "Karibu, Baba Angolile. Pita ndani."

"Pole, mama. Pole sana na mwanao."

"Ahsante." Akapangusa uso kwa upindo wa nguo. Alitaka kuishia hapo, lakini alimtazama yule mzee, akaona kwamba miaka miwili yote hakuna mtu, hata wa Kasyeto, aliyethubutu kumwambia neno lile, kwa kuwa baba wa muuaji hapewi pole. Akamshika mkono wenye makovu. "Nawe pole, baba. Nawe pole na wako."

Lupakisyo akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka ukungu ukamrudishia kilio chake kutoka upande wa pili wa ziwa. Syekile akachota maji, akampa kwanza, akanywa yeye. Wakashuka wameushika mwanzi, yeye akisema jiwe, mzee akisema haya, na jua lilikuwa bado na upana wa mkono walipotokea kijijini.

Watu wa pande zote mbili walikuwa wamesimama na ng'ombe wao waliokonda. Mzee Nsolo akauliza lile swali la desturi, "Maji yalikuwaje?"

Jibu la desturi ni "matamu". Kila mwaka walijibu matamu. Syekile akasema, "Machungu. Lakini tumeyanywa. Fungueni mazizi."

Wakafungua.

Basi wajukuu zangu, kisa hiki sikuwaambia ili mlie, ingawa namwona mmoja pale anajifanya ana vumbi jichoni. Nimewaambia mjue hivi. Mtu akibisha hodi kwako, itika. Kama humtaki, mwambie humtaki, lakini itika. Usimwache mtu nje na pole yake mkononi, maana hujui ataibeba mpaka wapi.

Nilichopewa ndicho nilichowapa, sikuongeza chumvi wala sikuimung'unya. Kisa kimeshuka mlimani, kimefika nyumbani. Atakayekikuta njiani akisalimie.