Chungu cha Marehemu Mama Yao

"Bibi, nani agombane na dadake kwa chungu?" Ndivyo ulivyoniambia. Haya, kaa usikie.

Zimwi la shimo la udongo lilimshika mtoto wa Nakijwa mfinyanzi. "Niletee chungu kisichopasuka motoni, nikurudishie."

Akachanganya udongo na mchanga, kikapasuka. Akachanganya na majivu, kikapasuka. Akavunja chungu cha marehemu mama yao, yeye na dadake, akakisaga, akachanganya unga wake na udongo, akafinyanga, akapaka udongo mwekundu, akachoma. Kikatoka kizima, akalipelekea zimwi.

Mtoto akarudi, akaomba uji.

Dadake Namkunda akaja. "Chungu cha mama kiko wapi?"

"Kwa zimwi."

"Si ungeniuliza?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali," akasema, akaenda zake.

Mpaka leo nyumba hizo mbili haziombani moto. Nawe kawasimulie wanao.