Zimwi la Shamba la Maboga

Sogeeni karibu, hadithi imeshabisha hodi. Mwanatumu, mjane mwenye watoto wenye njaa, aliona majani ya maboga yake yakigeuka manjano na kufa. Akavizia, akalinasa zimwi likinyonya jani, akalifunga kamba.

Majani yakabaki mabichi. Akamwagilia, boga kama ngumi. Akatia samadi, boga kama ngumi. Akaimba, boga kama ngumi!

"Wewe jani, mbona u mzima na boga halikui?"

"Mama, umemfunga mchukuzi wangu. Uhai wangu alikuwa akiupeleka kwa boga."

Mwanatumu akachanganyikiwa, akalifungua zimwi. Jani likanyauka, boga likavimba.

"Sasa nikulilie?" Mwanatumu akaliuliza jani.

"Walishe wanao kwanza," jani likanong'ona.

Akalipika boga, watoto wakashiba, wakacheka. Mwanatumu, mwiko mkononi, mpaka leo hajui alikuwa akipika au akizika.