Daftari la Mbegu na Msumari Mtupu

Mlimani palikuwa na mtu aliyeitwa Kiangi. Hakuwa na mbegu nyingi, lakini alikuwa na daftari lililojua kila mbegu ilipo.

Alilianzisha mwaka ambao kunde nyeusi zilipotea. Watu walizitafuta vitongoji vyote hadi wakakata tamaa, na msimu ulipokwisha kupita ndipo ikajulikana kwamba jirani alikuwa nazo debe zima, naye hakujua kama zinatafutwa. Kiangi akanunua daftari la kurasa mia mbili, akalitoboa pembeni, akalifunga kamba ya katani na kulitundika kwenye msumari katika mashine ya kusaga, mahali ambapo kila nyumba hufika. Penseli ikaning'inia kando yake. Ndani ya daftari iliandikwa mbegu gani iko nyumba gani, ilivunwa mwaka gani, na inapenda udongo upi. Mbegu zenyewe zilibaki kwa wenyewe.

Masharti yalikuwa mawili. Mwenye kuchukua mbegu kwa mwenzake arudi kuandika ilivyomwotea, na aweke jina lake. Mwenye kuona kosa asifute. Apige mstari mmoja, ili la zamani lisomeke, kisha aandike lake chini.

Watu wakaandika. Waliandika wakisubiri unga, wengi wao kwa mkono uliozoea jembe, herufi moja kubwa na nyingine ndogo. Mmoja aliandika kwamba maharage ya njano yanataka kivuli. Mwingine akapiga mstari, akaandika kwamba yanataka kivuli huku juu tu, kule chini yanataka jua. Wa tatu akauliza, "Kule chini ni wapi?" naye akajibiwa kabla ya Jumapili. Kwa miaka minne daftari likanenepa, likashika vumbi la unga na alama za vidole, na haikutafutwa mbegu ikakosekana.

Kiangi alikuwa mtu wa unadhifu. Mstari uliopinda ulimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Mwaka wa tano akalitoa daftari msumarini, akaenda nalo nyumbani, akanunua jipya lenye jalada gumu, akaanza kunakili kwa wino. Akapanga mbegu kwa mfuatano wa herufi. Palipokuwa na maneno matatu yanayobishana, alibakiza moja. Majina ya walioandika aliyaona hayana kazi, akayaondoa yote. Mtu akija mashineni kuuliza daftari liko wapi, aliambiwa aende kwa Kiangi siku ya Alhamisi, aeleze, naye Kiangi ataandika. Msumari ukabaki mtupu.

Mwanzoni walikwenda wengi, kisha wachache. Mtu mmoja alisema kwenye foleni ya mashine, wenzake wakacheka, "Maandishi ya mzee Kiangi siku hizi yamevaa suti. Yetu yalikuja yamevaa magunia, yakakosa pa kukaa."

Kiangi hakuyasikia hayo, au aliyasikia akadhani ni sifa. Ilikuwa desturi kwamba kila mwaka, siku ya msaragambo, watu wa vitongoji vyote wanapotoka pamoja kuzibua mfereji wa maji, yeye awasomee hali ya daftari. Mwaka huo akasoma: kurasa mia moja na ishirini, aina hamsini na nane za mbegu, hakuna ukurasa wenye doa. Watu wakapiga makofi, wakachukua majembe yao. Hakuna aliyeuliza swali, naye akaona hiyo ni dalili njema.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilinyesha siku tisa, zikakatika. Mahindi yaliyokuwa yamechipua yakakauka, shamba la Kiangi likiwamo. Watu wakapima kilichobaki ghalani. Kwa kujibana, chakula kingewafikisha masika na miezi mitatu mbele yake, wala si mitano, na mahindi yao ya kawaida hukomaa kwa mitano. Ilitakiwa mbegu ya mahindi mekundu, yale ya miezi mitatu, nayo haikuwa imeonekana sokoni kwa muda mrefu.

Kiangi akafungua daftari safi. Mahindi mekundu: kwa Senzige. Akaenda mwenyewe, na alipofika uani ndipo akakumbuka. Senzige alikuwa amefariki mwaka jana. Kiangi alikuwapo makaburini, alishika chepeo akafukia kaburi kwa mikono yake, wala haikumjia kwamba kuna ukurasa wa kubadilisha. Vijana wa marehemu wakamwambia kwamba mbegu alizoacha kwenye chungu zilisagwa siku za matanga.

Alirudi nyumbani akavuta daftari la zamani chini ya kitanda, akakaa mlangoni na kulisoma mchana kutwa. Pembeni mwa ukurasa wa Senzige palikuwa na maneno yaliyopanda kama mchwa ukutani: "Nimechukua vikombe viwili. Kwetu ng'ambo ya mto udongo ni mwekundu lakini yameota vizuri, hata ndege hawayapendi sana. Nitayatunza. Mimi Naelijwa." Kiangi aliyakumbuka maneno hayo. Wakati wa kunakili aliyasoma, akasema moyoni kwamba haya ni maongezi, si mbegu, akafungua ukurasa mwingine.

Akavuka mto. Naelijwa alikuwa mwanamke wa makamo, alimkuta akipepeta maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, akateremsha kutoka darini kibuyu kilichokuwa cheusi kwa moshi, akakimimina kwenye ungo. Zilikuwa punje ndogo nyekundu, hazina hata tundu moja la dumuzi, na kwa kugawana kidogo kidogo zingetosha kila nyumba. Kiangi akanyoosha mkono. Naelijwa akaweka wake juu ya punje.

"Mbegu nakupa, baba," alisema. "Ila niambie kwanza. Nilikuja kwako Alhamisi mbili kueleza kwamba bado ninazo. Ya kwanza ukaniambia nisubiri umalize kunakili. Ya pili hukuniuliza hata jina. Mle daftarini mimi nimo?"

Kiangi hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Umo," akajibu. "Katika lile chafu."

Naelijwa akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Basi tutundikie hilo chafu!"

Kesho yake daftari la zamani lilirudi msumarini, limeshonewa kurasa tupu nyuma. Lile safi Kiangi hakulitupa; alilitundika kando, limwonyeshe mgeni aanzie ukurasa upi wa lile la zamani, na kila mahali alipokuwa ameondoa jina alilirudisha. Masika yakanyesha. Mahindi mekundu yakakomaa kabla chakula cha ghalani hakijaisha, na waliopanda wakaja kuandika yalivyowaotea, mmoja akilalamika kwamba ndege wa kwake wanayapenda sana.

Msaragambo uliofuata Kiangi alisoma tena hali ya daftari. Hakutaja kurasa. Alisoma majina ya walioandika kwa mara ya kwanza mwaka ule, nao walikuwa kumi na tisa, wanne wao kutoka ng'ambo ya mto. Akasoma maswali mawili ambayo bado hayajajibiwa. Akaanza kusoma mbegu zilizo na mtunzaji mmoja tu, na kabla hajafika ya tatu, mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba viazi vikuu hivyo hata yeye anavyo. Mwingine akambishia kwamba vyake si vile, vile vina ngozi ya zambarau. Wakabishana hadi kazi ya mfereji ikachelewa. Kiangi alisimama na penseli mkononi akisubiri wamalize, na waliomjua walisema hawajapata kumwona ameridhika namna ile.

Nanyi mnaotunza daftari la wengi, mtu akiwauliza linaendeleaje, mtamhesabia kurasa zake, au mtamtajia jina la mtu wa mwisho aliyekuja na neno lake akakuta msumari mtupu?